Makuli, vibarua na vyama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu viongozi wa wafanyakazi wa Afrika Mashariki, 1921–1965

Maswali haya yamekusanywa kwa sababu yanarudi kila mara: darasani, kwenye mafunzo ya wawakilishi wa vyama, na kila Mei Mosi inapokaribia. Ukishasoma sehemu ya kwanza, nyingine unaweza kuzisoma kwa mpangilio wowote. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi. Utaelekezwa swali lilipo.

## Mambo ya msingi

1. Wafanyakazi wa Afrika Mashariki walianza lini kupigania haki zao?

Walianza kabla hakujawa na chama chenye daftari na mhuri. Tangu miaka ya mwanzo ya ukoloni watu waliacha kazi usiku na kurudi makwao, na serikali ikajibu kwa sheria. Kenya ilitunga sheria ya mabwana na watumishi mwaka 1906. Sheria hiyo ilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kuisha kuwa kosa la jinai. Leo ukigombana na mwajiri juu ya mkataba, hilo ni shauri la madai. Wakati ule mwajiri aliita polisi, na mfanyakazi akalipa faini au akafungwa.

Tukio kubwa la kwanza lililounganisha mshahara na siasa lilitokea Nairobi. Mwaka 1921 masetla, yaani walowezi wa Kizungu, walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja, wakati kodi ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16. Harry Thuku, aliyekuwa opereta wa simu katika ofisi ya Hazina, aliongoza chama kilichopinga punguzo hilo, kodi, kipande na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi mashambani. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokuja kudai aachiliwe ulipigwa risasi mbele ya kituo cha polisi. Hesabu ya serikali yenyewe ilikuwa watu 21 waliokufa. Thuku alipelekwa kizuizini Kismayu. Hakuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi kwa maana ya kisheria, lakini madai yake yaliendelea kutajwa katika migomo ya miaka 30 iliyofuata.

2. Kipande kilikuwa nini hasa?

Kilikuwa hati ya usajili ambayo kila mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyefikia umri wa kazi alitakiwa kuwa nayo, kuanzia miaka ya 1919–1920. Kilikuwa na jina, alama za vidole, kabila, majina ya waajiri, mshahara, na tarehe za kuanza na kumaliza kazi. Kiliwekwa ndani ya kijaluba cha chuma chenye kamba, kikavaliwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi, na jina hilo linatosha kukueleza walijisikiaje.

Ubaya wake haukuwa fedheha peke yake. Mwajiri asipoandika kwamba amekuachilia, hukuweza kuajiriwa kwingine, na ukitoroka ulitafutwa kwa namba na vidole. Kwa hiyo hata mtu aliyepata bwana anayelipa vizuri zaidi maili mbili mbele hakuweza kwenda kwake. Mfumo huu ulisaidia kuweka mishahara chini kwa zaidi ya robo karne. Sheria ya mwaka 1947 iliuondoa na kuweka usajili wa watu wa rangi zote.

3. Kuna tofauti gani kati ya kibarua, kuli, manamba na mfanyakazi wa mwezi?

Tofauti hii ndiyo ufunguo wa kuelewa migomo karibu yote.

*Kibarua* alilipwa kwa siku. Neno lenyewe ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu kuonyesha amefanya kazi. *Kuli* ni mpakuzi na mpakizi wa bandarini. Wengi wa makuli walikuwa vibarua, walichaguliwa langoni asubuhi meli inapokuwapo. *Manamba* ni waliosajiliwa kwa mkataba kutoka mbali, hasa kwa mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Jina limetoka kwenye namba walizopewa. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi ya pamoja ya kuwakusanya, iliyojulikana kama SILABU. *Mfanyakazi wa mwezi* alikuwa na ajira ya kudumu, mara nyingi reli, posta au serikalini, na pengine chumba cha kampuni.

Kibarua hakuwa na usalama wowote, lakini hakuwa na cha kunyang'anywa pia. Asipokwenda langoni kesho, hajavunja mkataba. Mfanyakazi wa mwezi akigoma alihatarisha nyumba, malipo ya uzeeni na hata uhuru wake. Ndiyo maana mara nyingi vibarua walianza na wa mwezi wakafuata. Serikali nayo ilitumia tofauti hiyo kuwagawa (maswali ya 8 na 16).

4. Kwa nini migomo mikubwa ilianzia bandarini?

Kwa sababu ya njia ya mizigo. Kahawa na mkonge wa Kenya na pamba ya Uganda vilipita reli moja na kufikia Kilindini, bandari ya Mombasa. Dar es Salaam ilikuwa mwisho wa reli ya kati. Makuli mia chache wakikaa chini, meli inasimama, na meli inayosubiri ina gharama zinazopanda kila siku. Bandarini kulikuwa pia na mabaharia, magazeti na habari za ulimwengu.

## Viongozi

5. Makhan Singh alikuwa nani?

Kama kuna mtu mmoja wa kuanza naye, ni huyu, na inasikitisha kwamba vijana wengi wa Kenya wanamaliza shule bila kulisikia jina lake.

Alizaliwa Punjab mwaka 1913 na kuhamia Nairobi mwaka 1927, ambako baba yake, fundi seremala aliyefanya kazi reli, alikuja kuwa na mtambo wa kuchapa. Mtambo huo una nafasi yake katika historia hii, kwa kuwa mwenye uwezo wa kuchapa karatasi za matangazo hahitaji ruhusa ya mwenye gazeti. Mwaka 1935 Makhan Singh alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi kilichokuwa cha mafundi wa Kihindi. Alipendekeza kifunguliwe kwa wafanyakazi wa rangi zote, na kikafunguliwa. Mwaka 1937 kikawa Labour Trade Union of East Africa.

Aprili 1937 chama hicho kiliongoza mgomo wa mafundi wa Nairobi uliodumu siku 62. Waajiri walikubali nyongeza ya asilimia 15 hadi 22 na siku ya kazi ya saa 8. Serikali ilitunga sheria ya vyama vya wafanyakazi mwaka huohuo, na chama kikasajiliwa chini yake.

Mwishoni mwa 1939 alikwenda India. Alikamatwa huko mwaka 1940 na kuzuiliwa hadi 1945. Alirudi Kenya Agosti 1947, serikali ikajaribu kumfukuza, akashinda mahakamani. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai waliunda East African Trade Union Congress, Kubai akiwa rais na yeye katibu mkuu.

Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa KAU (Kenya African Union, chama cha siasa cha Waafrika) na chama cha Wahindi kwenye ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Wanasiasa wengi wakati huo walikuwa bado wakiomba viti zaidi katika baraza la kutunga sheria. Wiki tatu baadaye alikamatwa. Alizuiliwa Lokitaung, kisha Maralal na Dol Dol, akaachiliwa Oktoba 1961: miaka 11 na zaidi. Hakuna kiongozi wa Kenya wa kizazi kile aliyezuiliwa muda mrefu kuliko huo. Alifariki Mei 1973, bila kuwahi kupewa wadhifa wowote mkubwa katika nchi aliyoipigania.

6. Si kweli kwamba alipigania Wahindi tu?

Si kweli, na ushahidi uko katika maamuzi ya chama chake. Kilifunguliwa kwa watu wote kabla hakujawa na sheria ya vyama. Matangazo yake yalichapwa kwa Kiswahili pamoja na lugha za Kihindi na Kiingereza. Mwaka 1939 viongozi wa chama cha Kikuyu Central Association, Jesse Kariuki na George Ndegwa, walichaguliwa kuingia kamati yake.

Dhana hii inatokana na hali halisi, kwamba wanachama wengi wa mwanzo walikuwa mafundi wa Kihindi. Viwango vya mishahara vilipangwa kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Hoja ya Makhan Singh ilikuwa ya hesabu kabisa: mwajiri akiweza kumpata Mwafrika kwa robo ya mshahara wa Mhindi, mshahara wa Mhindi hauna ulinzi. Kulindana ndiyo njia pekee ya kujilinda.

7. Chege Kibachia alifanya nini, na mgomo wa Mombasa wa 1947 ulikuwaje?

Vita vilikuwa vimepandisha bei za chakula, nguo na vyumba vya kupanga Mombasa, huku mishahara ikibaki nyuma. Mji ulikuwa na watu wengi kuliko vitanda. Tarehe 13 Januari 1947 takribani wafanyakazi 15,000 waliacha kazi kwa pamoja: bandari, reli, hoteli, hata watumishi wa majumbani. Haukuwa mgomo wa kampuni moja. Ulikuwa wa mji.

Wagomaji walikutana kila siku kwenye uwanja walioupa jina wenyewe, Kiwanja cha Maskini. Hapo habari zilitolewa, uvumi ukakanushwa, na chama kikaundwa, African Workers' Union, kilichobadilishwa baadaye kuwa African Workers' Federation. Kibachia, kijana aliyesoma shule ya Alliance na kufika Mombasa mwaka 1945, akawa mtendaji wake mkuu. Madai hayakuwa mshahara peke yake. Walitaka malipo sawa kwa kazi sawa na heshima mahali pa kazi.

Mgomo ulidumu siku 12. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika baraza la kutunga sheria, aliwaomba warudi kazini kwa ahadi kwamba baraza la usuluhishi litaundwa. Wakarudi tarehe 25. Kibachia hakuishia hapo. Alianza kupeleka chama Nairobi na bara, na hilo ndilo serikali haikulivumilia. Agosti 1947 alikamatwa na kupelekwa Kabarnet, Baringo, alikokaa miaka 10.

Angalia tarehe. Wakati wa mgomo wenyewe hakuguswa. Alikamatwa alipotaka kuunganisha pwani na bara.

8. Baraza la Thacker liliwapa wafanyakazi nini?

Liliongozwa na jaji Ransley Thacker. Wafanyakazi wa kudumu walipata nyongeza ya mshahara, posho ya nyumba, likizo yenye malipo na malipo ya saa za ziada. Kwa mara ya kwanza wengi wao walikuwa na haki zilizoandikwa.

Walioachwa nyuma ni vibarua, ambao ndio waliokuwa nguvu ya mgomo. Kumpa wa kudumu na kumnyima wa siku kulimfanya wa kudumu awe na kitu cha kupoteza mgomo mwingine ukiitishwa. Thacker huyohuyo aliendesha baadaye kesi ya Kapenguria ya 1952–53 dhidi ya Jomo Kenyatta na wenzake, na mmoja wa washtakiwa alikuwa Fred Kubai.

9. Fred Kubai na mgomo mkuu wa Nairobi wa 1950?

Kubai, mzaliwa wa Mombasa, alifanya kazi posta kama opereta wa telegrafu, kisha akaongoza chama cha wafanyakazi wa usafiri. Yeye na Makhan Singh walikamatwa tarehe 15 Mei 1950. Shtaka lilikuwa la kiofisi: kuwa maofisa wa chama kisichosajiliwa (swali la 15 linaeleza mtego huo).

Kesho yake Nairobi iligoma, na mgomo ukaenea miji mingine. Madai yalikuwa kuachiliwa kwa viongozi, kima cha chini cha shilingi 100 kwa mwezi, kukomeshwa kwa misako ya usiku, na uhuru wa Afrika Mashariki. Serikali ilileta mabomu ya machozi na magari ya deraya. Baada ya siku 9 hivi mgomo ulikwisha. Kubai alirudi jela na Kenyatta na wenzao baada ya Oktoba 1952, na baada ya uhuru akawa mbunge.

10. Tom Mboya ndiye aliyeanzisha vyama vya wafanyakazi Kenya?

Hapana. Alipoajiriwa kama mkaguzi wa afya wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi mwaka 1951, Makhan Singh alikuwa Lokitaung na Kibachia Kabarnet. Kazi ya Mboya ilikuwa nyingine, na ilihitaji kipaji chake: kuviweka vyama hai wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952.

Alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama kuanzia 1953. KAU ilikuwa imepigwa marufuku, na Operesheni Anvil ya Aprili 1954 iliwakamata maelfu ya watu Nairobi, wakiwamo viongozi wa matawi. Shirikisho likabaki karibu sauti pekee halali ya Waafrika mjini. Machi 1955 makuli wa Mombasa walipogoma, Mboya, mwenye umri wa miaka 24, aliingia kati kama msemaji na wakapata nyongeza ya maana. Wafanyakazi waliona kwa macho kwamba mazungumzo ya mezani yanaweza kuleta pesa.

Alikosolewa kwa kutegemea fedha za vyama vya Magharibi, ambazo zilisaidia kujenga Solidarity House ya Nairobi. Ukosoaji huo una uzito, lakini usome pamoja na hali ya wakati: kukusanya ada ndani ya hali ya hatari kulikuwa karibu haiwezekani. Akiwa waziri wa kazi alisimamia Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani wa Oktoba 1962 kati ya serikali, waajiri na shirikisho. Aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969.

11. Tanganyika je?

Makuli wa Dar es Salaam waligoma 1939, 1943, 1947 na 1950. Ule wa Septemba 1947 ulipanda reli ya kati kituo hadi kituo na kuwa mgomo wa nchi. Matunda yake ni chama chao kilichosajiliwa. Mwaka 1950 mgomo mwingine uliishia kwa mapambano na polisi, na chama kikavunjwa.

Oktoba 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika, TFL, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wa kwanza. Kawawa alikuwa ametoka chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Kutokana na TFL wengi waliingia uongozi wa TANU, chama cha kudai uhuru, na vyama viwili hivi vilitembea pamoja hadi uhuru. Wafanyakazi wa reli, chini ya Kasanga Tumbo, waligoma siku 82 mwaka 1960.

12. Na Zanzibar?

Agosti 1948 wafanyakazi wa bandari waligoma kwa sababu ya mishahara na ugumu wa maisha, na mji mzima ukafuata hadi Septemba. Abbas Othman ndiye aliyetajwa zaidi kama kiongozi.

13. Wanawake walikuwa wapi?

Katika umati wa Machi 1922, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume waliotaka kuondoka, akasogea mbele, na akawa miongoni mwa waliouawa. Kwenye kahawa, wanawake na watoto walivuna kwa malipo ya debe. Malipo ya debe hayakuingia katika mazungumzo ya mshahara wa mwezi, na hilo ni sababu moja majina yao hayaonekani katika orodha za vyama.

## Jinsi mambo yalivyofanyika

14. Mgomo uliandaliwaje bila simu wala gazeti?

Hatua zinazojirudia katika migomo iliyofaulu ni hizi. Kwanza madai machache, yanayosemeka kwa pumzi moja. Mshahara, nyumba, heshima: kila mtu langoni aliweza kuyarudia. Pili, wakati: meli zikiwa bandarini, si siku zilipokauka. Tatu, mahali pamoja pa kukutania kila siku. Mgomo usio na kiwanja hufa kwa uvumi siku ya tatu, mtu anaposikia kwamba idara fulani imerudi kazini. Nne, chakula. Mgomaji wa Mombasa mwenye ndugu wa mashambani, Digo au Giriama, alivumilia kuliko mwenye familia mjini inayonunua kila kitu. Tano, lugha. Kiswahili kiliwaweka Mkikuyu, Mluo, Mmijikenda na Mwarabu kwenye uwanja mmoja bila mkalimani.

15. Chama kilisajiliwa vipi, na kwa nini maombi yalikataliwa?

Chini ya sheria ya 1937 chama kilitakiwa kupeleka kwa msajili katiba, majina ya maofisa na anwani, kisha kuwasilisha hesabu. Sheria hiyo ilitambua vyama lakini haikulinda haki ya kusimama kwa amani langoni kuwashawishi wenzako, wala kinga dhidi ya mwajiri anayedai fidia kwa hasara ya mgomo. Kwa maneno mengine, uliruhusiwa kuwa chama, si kufanya kazi ya chama.

East African Trade Union Congress iliomba usajili na kukataliwa kwa hoja kwamba ni shirikisho la vyama, si chama. Ikikataliwa, kuendelea kuwa ofisa wake ni kosa. Hapo ndipo Kubai na Makhan Singh waliponaswa.

Kosa lililowaumiza wengine lilikuwa la daftari. Mweka hazina anayekusanya senti kwa senti bila stakabadhi, hata akiwa mwaminifu, alimpa msajili sababu.

16. Kwa nini migomo mingine ilivunjika?

Sababu ya kwanza ni kuondolewa kwa kiongozi. Chama kilichokuwa kichwani mwa mtu mmoja kilikufa naye akiwa hai kizuizini. African Workers' Federation haikupona baada ya Kibachia.

Ya pili ni mgawanyiko wa swali la 3. Mwajiri alipatana na wa kudumu kwanza, na vibarua wakabaki peke yao. Ya tatu ni vurugu: Dar es Salaam mwaka 1950 mapambano yaliipa serikali njia ya kisheria ya kukivunja chama chenyewe.

Ya nne huzungumzwa kidogo. Mwaka 1954 Mombasa ilianza kusajili makuli wa siku, na wasiosajiliwa wakaondolewa langoni. Waliobaki walipata kazi ya uhakika zaidi, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini silaha ya zamani, ya kutokwenda tu langoni kesho, ilikwisha. Jina lako likiwa daftarini, kutofika kunaandikwa.

## Baada ya uhuru

17. Kwa nini Kawawa, aliyetoka vyama vya wafanyakazi, aliongoza serikali iliyobana migomo?

Hili huulizwa kwa uchungu, na linastahili jibu la wazi. Mwaka 1962, Kawawa akiwa waziri mkuu na Michael Kamaliza, aliyekuwa rais wa TFL, akiwa waziri wa kazi, Tanganyika ilipitisha sheria zilizolazimisha migogoro kwenda usuluhishi kabla ya mgomo na kuwaweka watumishi wa serikali chini ya utaratibu wao tofauti. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba nchi changa haiwezi kubeba migomo, na kwamba anayelipwa mshahara mjini si maskini kuliko mkulima. Hoja ya waliopinga, akiwamo Victor Mkello wa wafanyakazi wa mashamba, ilikuwa kwamba chama kisichoweza kugoma ni idara ya serikali.

Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, viongozi wa vyama wapatao 200 walikamatwa. Mwezi uliofuata TFL ilivunjwa na kuundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na rais wa nchi. Mizani ina upande wa pili: wafanyakazi walipata kima cha chini kipya na malipo ya kuachishwa kazi. Kwa maoni yetu walichopewa kilikuwa halisi, na walichonyang'anywa kilikuwa kikubwa zaidi, kwa kuwa kilikuwa njia ya kujipatia wenyewe kinachofuata.

18. Kenya iliishiaje?

Shirikisho lilipasuka, upande mmoja ukiegemea Magharibi na mwingine ukikataa. Ugomvi ulifika hadi kumwaga damu Mombasa mwaka 1965. Serikali ilivunja pande zote mbili na kuunda COTU, shirikisho moja la nchi nzima, mwaka huohuo, Clement Lubembe akiwa katibu mkuu wa kwanza. Matokeo yanafanana na ya swali la 17 kwa kiasi.

19. Mei Mosi inahusianaje na haya yote?

Tarehe hiyo inatokana na mgomo wa Marekani wa 1 Mei 1886 wa kudai saa 8 za kazi. Siku chache baadaye bomu lilirushwa Haymarket, Chicago, na mwaka 1887 viongozi wanne walinyongwa. Wafanyakazi wa Nairobi walipata saa 8 mwaka 1937, na shirikisho la Kubai na Makhan Singh lilizaliwa Mei Mosi 1949.

20. Je, kulikuwa na mapambano kama haya Kongo?

Ndiyo. Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Union Minière, Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya kambi na mji, waligoma kudai mshahara. Huko Élisabethville, sasa Lubumbashi, jeshi liliwafyatulia risasi uwanjani. Léonard Mpoyi, msemaji wao, aliuawa pamoja na makumi ya wenzake.

## Maswali ya pembeni

21. Leo ninaweza kugoma kihalali kwa hatua zipi?

Kwa kifupi tu, maana sheria ina vipengele vingi. Kenya, sheria ya mahusiano ya kazi ya 2007 inataka mgogoro upelekwe usuluhishi kwanza, kisha taarifa ya maandishi ya siku 7. Chama hutambuliwa na mwajiri kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoweza kujiunga nacho. Tanzania, sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inataka mgogoro uwe wa kimaslahi (wa kudai masharti mapya, kama nyongeza ya mshahara), upitie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kwa siku 30, wanachama wapige kura, kisha mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Kuanzisha chama kunahitaji wafanyakazi wasiopungua 20.

Kinachowaangusha wengi ni kugoma kwa mgogoro wa haki, kama mshahara uliokwisha kukubaliwa lakini haujalipwa. Huo Tanzania huenda kwenye uamuzi, si mgomo. Huduma muhimu zina masharti yake.

22. Babu yangu alikuwa kuli au reli. Nitapataje habari zake?

Anza nyumbani: kipande, kadi ya chama, cheti cha kazi, hata picha yenye mhuri nyuma. Andika *namba* kabla ya jina. Makarani waliandika majina walivyosikia, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa Mohamed, Muhamadi na Mahomed katika mafaili matatu, lakini namba haibadiliki hivyo.

Kisha nenda hifadhi husika: ya taifa iliyoko Moi Avenue, Nairobi, ya Tanzania iliyoko Upanga, Dar es Salaam, ya Zanzibar iliyoko Kilimani. Karatasi za Makhan Singh ziko Chuo Kikuu cha Nairobi. Usiombe kwa jina la babu, kwa kuwa mafaili hayajapangwa kwa majina ya wafanyakazi. Omba taarifa za mwaka za idara ya kazi, mafaili ya mgomo kwa mji na mwaka, na ushahidi uliotolewa mbele ya tume. Tume ya Willan ya mgomo wa Mombasa wa 1939 na baraza la Thacker ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu waliohojiwa walinukuliwa.

Faili likiletwa, soma pia viambatisho vya nyuma. Barua za wafanyakazi wenyewe, nyingi kwa Kiswahili, mara nyingi zimebanwa huko nyuma ya tafsiri ya Kiingereza ambayo ofisa aliifupisha.